Aliyetunga, Aliyenakili, Aliyechukua

Kila katalogi ya miswada ina kisanduku kinachoitwa "mwandishi". Mtu asiyewahi kujaza katalogi hudhani hicho ndicho chepesi kuliko vyote: kazi imeandikwa na mtu, mtu ana jina, jina linaingia kisandukuni, basi. Ukikaa na mswada wa Kiswahili mbele yako, hata kama ni picha tu kwenye kioo cha simu, wepesi huo unakwisha upesi.

Tumtazame Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Alifariki mwaka 1945 akiwa mzee wa miaka mingi. Alikuwa mshairi, mchongaji, mwanamuziki na fundi wa hati za Kiarabu ambaye mwandiko wake ukishauona mara moja huusahau. Alinakili tendi na mashairi kwa ajili ya Wazungu waliokuwa wakiyatafuta: Alice Werner, William Hichens, na baadaye Ernst Dammann, aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Tendi nyingine alizozinakili zilitungwa karne moja au mbili kabla hajazaliwa. Nyingine alizitunga mwenyewe. Na kuna zile zilizo katikati, kama utendi wa Fumo Liyongo, ambao nakala yake ya mwaka 1913 inabeba jina lake, ilhali kisa cha Liyongo kilikuwa kikisimuliwa na kuimbwa pwani yote tangu zamani sana. Je, Kijumwa ni mwandishi wa utendi huo? Aliutunga, aliukusanya, aliupanga upya, au alinakili alichokipokea? Wataalamu wamelijadili suala hilo kwa miaka. Anayejaza katalogi hana nafasi ya kujadili. Ana kisanduku kimoja, na mshale wa kompyuta unapepesa ukimsubiri.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Wakati naandika haya niko Ibaba, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, kwenye milima iliyo mbali na bahari kuliko karibu miji yote nitakayoitaja hapa. Nimejipa kazi ya kutengeneza katalogi ndogo ya kidijitali, iliyo wazi kwa yeyote, ya maandishi ya mkono yaliyobaki huku kwetu. Ili nijue namna ya kuijaza ilinibidi kwanza nisome jinsi miswada ya pwani ilivyoorodheshwa. Nilichokuta huko ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Historia ya katalogi zetu ni historia ya majina yaliyopandishwa na majina yaliyoshushwa, na anayeanza katalogi mpya leo ana uwezo wa kulirekebisha hilo bila gharama kubwa.

Tuanze na majina ya mikusanyo yenyewe. Ukiingia kwenye hazina ya miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, chuo kikuu cha London, utakuta sehemu ya Taylor, sehemu ya Hichens, sehemu ya Werner. William Taylor alikuwa mmisionari Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa sehemu kubwa kupitia karatasi zake. Lakini Taylor hakumjua Muyaka. Alizaliwa miaka kumi na sita baada ya malenga huyo kufa. Aliyeyakusanya mashairi yale kutoka vinywani mwa watu, akayafafanua na kuyaandika, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa. Taylor alisaidiana naye, karatasi zikavuka bahari, Hichens akazichapisha mwaka 1940 kama diwani ya Muyaka. Kwa hiyo hapo tuna watu wanne katika mswada mmoja: Muyaka aliyetunga, Sikujua aliyehifadhi na kuandika, Taylor aliyechukua, Hichens aliyechapisha. Kwa muda mrefu katalogi ilimweka Muyaka katika "mwandishi" na Taylor katika jina la mkusanyo. Sikujua, ambaye pasipo yeye tusingekuwa na chochote cha kuorodhesha, alibaki kwenye maelezo ya chini, pale ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Hili halikutokana na hila. Lilitokana na kadi. Kadi ya maktaba ya zamani ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kinachotoshea kwenye droo. Iliweza kupangwa kwa mpangilio mmoja tu: jina la kwanza juu, mengine chini. Ukiamua kwamba droo zitapangwa kwa jina la mkusanyaji, mnakili hawezi kupatikana ila kwa kuzipekua kadi zote moja baada ya nyingine. Umbo la chombo liliamua nani akumbukwe kwanza.

Cha ajabu ni kwamba wanakili wenyewe walikuwa waangalifu kuliko kadi zetu. Mswada wa zamani wa pwani mara nyingi huishia na tamati: mnakili hutaja jina lake na la baba yake, pengine tarehe ya Hijria na jina la aliyemwagiza, kisha huomba asamehewe makosa ya kalamu. Yaani data za maelezo, kama tunavyoziita leo, zilikuwa zimeshajazwa na mwenyewe kabla mtunza maktaba hajazaliwa. Aliyesoma ukurasa wa kwanza tu ndiye aliyekosa kuziona.

Dar es Salaam nayo ina sehemu yake katika simulizi hili. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen, Mwingereza aliyeishi Afrika Mashariki muda mrefu, alifanya kazi ya kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katalogi yake ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Kitu kinachonivutia katika kitabu hicho kimo kwenye jina lake: kinaorodhesha miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti. Allen alielewa kwamba utenzi huimbwa, na kwamba karatasi bila sauti ni nusu ya kitu. Kanda inaleta mtu wa tano katika kisanduku chetu, yule aliyeghani. Ila kitabu hicho nacho kilichapishwa ng'ambo, na mwanafunzi wa Tanzania anayekitaka hukipata kwenye maktaba kubwa chache tu. Wajerumani nao walipata katalogi yao mwaka 1993, kazi ya yuleyule Dammann akiwa mzee, ya miswada ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Afrika iliyoko katika maktaba za Ujerumani. Imeandikwa kwa Kijerumani.

Sasa mfikirie mjukuu wa mnakili wa Lamu katika miaka ya 1990. Akitaka kujua kazi zote za babu yake, angelazimika kwenda London, kisha Ujerumani, kisha Dar es Salaam, na kuzisoma katalogi tatu, mbili kwa Kiingereza na moja kwa Kijerumani, zote zikihusu maandishi ya Kiswahili.

Katalogi ya kidijitali inaweza kuuvunja ukuta huo, na siri yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Haihitaji mashine kubwa. Inahitaji mambo matatu. La kwanza, kila mswada uwe na namba yake ya kudumu, isiyobadilika hata tovuti ikibadilishwa. La pili, kila mtu anayetajwa naye awe na namba yake. Kijumwa huandikwa Kijuma, Kijumwa, Muhamadi, Muhammad bin Abubakar; kompyuta huwaona hao kuwa watu wanne. Ukimpa namba moja na kuyafunga majina yote kwenye namba hiyo, atakayetafuta kwa jina lolote atafika palepale. La tatu, kila jina liambatanishwe na kazi aliyoifanya mtu huyo katika mswada huo: aliyetunga, aliyenakili, aliyesimulia, aliyemiliki, aliyekusanya. Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha rasmi ya misimbo ya majukumu hayo, ambayo hutumiwa na maktaba za nchi nyingi. Mnakili ana msimbo wake, msimulizi ana wake, aliyewahi kumiliki ana wake. Kwa hiyo udhuru wa kadi umekwisha. Kisanduku si kimoja tena. Kumwacha Sikujua kwenye maelezo ya chini leo ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo anaweza kuulizwa.

Wapo walioanza kazi hii vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SOAS iliunda kanzidata ya miswada yake ya Kiswahili, na miongoni mwa walioisoma miswada hiyo na kuieleza alikuwa Yahya Ali Omar, msomi wa Mombasa aliyefundisha London kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2008. Mtu aliyekulia ndani ya lugha ile na elimu ile alikaa mbele ya karatasi zilizoondoka mjini kwake, akazitambua. Jambo hilo lina uzito. Msomaji mgeni huona maandishi ya Kiarabu yasiyo na jina. Aliyelelewa nayo hutambua kipande cha utendi fulani, lahaja ya kisiwa fulani, pengine hata mkono wa mtu.

Wengine walikwenda mbali zaidi wakaziacha karatasi mahali pake. Programu ya British Library ya nyaraka zilizo hatarini, iliyoanza mwaka 2004, ina sharti kwamba nyaraka asilia haziondoki katika nchi yake. Zinazokwenda London ni picha, na nakala ya picha hubaki kwa wenyewe. Kwa utaratibu huo miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, ilipigwa picha ikiwa Lamu, na dunia ikaweza kuifungua bila mtu kuibeba. Katika mradi wa namna hii kisanduku cha "aliyechukua" hubaki kitupu. Hiyo ni hatua kubwa kutoka siku za Taylor.

Lakini neno "wazi" linataka kuchunguzwa. Mwishoni mwa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliivamia mifumo ya kompyuta ya British Library. Tovuti ikazimika. Katalogi kuu ilirudi Januari 2024, na haikurudi kamili. Makusanyo ya kidijitali yalichelewa zaidi. Kwa miezi hiyo yote mtu aliyetaka kuiona miswada ya Riyadha kupitia London hakuweza. Aliyekuwa Lamu na nakala yake aliweza. Funzo lake ni kwamba katalogi inayokaa kwenye seva moja, katika mji mmoja, chini ya taasisi moja, imefunguliwa kwa hisani. Hisani inaweza kukoma kwa wizi, kwa bajeti, au kwa mkuu mpya asiyeijali. Katalogi iliyo wazi kweli ni ile ambayo yeyote anaweza kuipakua nzima na kuiweka kwenye kompyuta ya shule, ya msikiti au ya parokia, ili moja ikizimika nyingine ziwe hai. Orodha ya maandishi haina uzito mkubwa. Maelfu ya rekodi zisizo na picha hutoshea kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ndogo, na nafasi ya nyimbo ikabaki.

Kuna mlango wa pili, nao ni lugha. Rekodi nyingi za miswada ya Kiswahili zimeelezwa kwa Kiingereza. Utafute "harusi" hupati kitu, kwa sababu shairi la harusi limeingizwa kwa neno la Kiingereza. Kitu kimeandikwa kwa Kiswahili, na Mswahili, kisha Mswahili akitaka kukipata inabidi apite kwenye lugha ya mwingine. Mlango upo wazi, ila umewekwa upande wa nyuma ya nyumba.

Nimezungumza kirefu juu ya pwani, na kuna sababu. Neno "mswada" lenyewe limeshikwa na pwani. Huku Ileje ukimwambia mtu unatafuta miswada, atadhani unafuatilia Bunge. Ukisema miswada ya kale, aliyesoma kidogo atakuelekeza Zanzibar na Lamu. Hata heshima za kimataifa zimekwenda hivyo: makusanyo ya miswada ya Kiarabu ya Zanzibar yaliingizwa kwenye Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Kabla yake, mwaka 1997, ziliingizwa nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko Dar es Salaam. Yaani bara tunaonekana katika hazina hiyo, ila tunaonekana kama watu walioandikwa habari zao na mtawala.

Hata hivyo maandishi yalikuwepo. Machemba, kiongozi wa Wayao kusini mwa nchi, alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili mwaka 1890. Mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu. Na karibu zaidi na kwetu, ng'ambo ya Mto Songwe, pale Karonga, Mlozi na wafanyabiashara wenzake walifanya mkataba wa amani na Harry Johnston mwaka 1889. Kalamu na wino vilikuwa vimefika kwenye ziwa hili kabla ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliougeuza Songwe kuwa mpaka.

Baadaye walikuja Wamoravian. Walianza Rungwe mwaka 1891, wakaenea magharibi kuelekea huku. Wamoravian wana desturi ya zamani: muumini huacha maelezo ya maisha yake, nayo husomwa anapozikwa. Desturi hiyo iliifanya misheni kuwa mahali ambapo maisha ya mtu wa kawaida yalistahili kuandikwa. Elise Kootz-Kretschmer, Mmoravian Mjerumani aliyefanya kazi Utengule, ndiye aliyeandika majuzuu matatu juu ya Wasafwa katika miaka ya 1920. Pamoja na hayo aliandika simulizi za maisha ya wanawake waliopita katika utumwa na vita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Mmoja ni Narwimba. Mwingine ni Chisi, ambaye katika maisha yake alibeba zaidi ya jina moja, kwa kuwa kila alikopelekwa alipewa jina jipya au alijipa. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizileta tena simulizi hizo kwa Kiingereza, katika kitabu chake juu ya mbinu za watumwa na wanawake za kuishi katika nyakati hizo. Mimi nimewasoma humo. Wanawake wa ukanda wetu, sauti za bibi wa bibi zetu, nimezisikia kwa Kiingereza kilichotoka kwenye Kijerumani.

Rudi sasa kwenye kisanduku. Nani ni mwandishi wa maisha ya Narwimba? Katalogi za maktaba humtaja Kootz-Kretschmer, au Wright. Zote ni sahihi kwa kanuni za kadi. Lakini hakuna aliyeyaishi wala kuyasimulia ila Narwimba. Chisi ni mtihani mgumu zaidi, maana majina yake mengi hayakutokana na makosa ya tahajia kama ya Kijumwa. Kila jina ni kipande cha safari yake. Ukiyafuta yote ukabakiza moja "rasmi", umefuta historia yenyewe. Hapo ndipo namba ya kudumu inapofanya kazi ambayo kadi isingeweza: mtu mmoja, namba moja, majina yote yamebaki, kila moja na mahali pake.

Hayo ndiyo niliyoyabeba nilipoanza jedwali langu. Ninayoyaorodhesha si tendi. Ni madaftari ya mikutano, vitabu vya wabatizwa, barua za waliokwenda kufanya kazi mbali, risiti za mazao, hotuba zilizoandikwa kwa penseli. Baadhi yameandikwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimalila au Kindali, na mtu mmoja hulitamka na kuliandika jina la kijiji kilekile kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Siyarekebishi. Naandika kama yalivyo, kisha naweka namba ya mahali pembeni.

Bibi mmoja wa hapa Ibaba, aliyenifungulia sanduku la marehemu baba yake, alisubiri mpaka nilipomaliza kupiga picha ukurasa wa tatu, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, ukishaweka huko kwenye mtandao, atasoma nani?"

Nikamjibu, "Yeyote, bibi."

Akafikiri. "Yeyote ni wengi. Humu kuna madeni ya baba. Na kuna watu aliowakopesha, wajukuu wao wako hapo chini wanalima."

Swali la bibi lilikuwa bora kuliko mengi niliyoyakuta katika miongozo. Daftari la kanisa la miaka ya nyuma hutaja waliotengwa na kwa kosa gani. Barua ya shamba inaweza kuibuka kwenye baraza la ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 huziweka nyaraka za umma kando kwa miaka 30 kabla ya kufunguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwalinda watu wanaotajwa kwenye data. Lakini sanduku la bibi si nyaraka za serikali, na wengi wanaotajwa humo hawapo duniani. Sheria inakomea mlangoni, na ndani ya nyumba inabaki adabu.

Watetezi wa data huria watasema kwamba kinachofichwa leo huliwa na mchwa kesho. Wana haki kuogopa. Nimeona karatasi zilizobaki na pembe mbili tu. Lakini katalogi si kitu kimoja na picha. Rekodi inaweza kutangaza kwamba daftari lipo, ni la miaka fulani, lina kurasa kadhaa, limeandikwa kwa lugha hii, na anayetaka kulisoma amwombe mwenyewe. Uwazi wa orodha hauhitaji uchi wa kila ukurasa. Kinyume chake, uwepo wa orodha ndio unaompa mwenye sanduku nguvu: anajulikana kuwa anacho, na anayekitaka lazima aje kwake. Pwani karatasi ziliondoka kwanza, orodha ikaja nyuma yake miaka mingi baadaye, na orodha ikafuata jina la aliyezibeba. Huku milimani tuna nafasi adimu ya kuandika orodha kabla ya karatasi kuondoka.

Ndiyo maana jedwali langu halina safu ya "mwandishi". Lina aliyesimulia, aliyetunga, aliyeandika kwa mkono wake, aliyetunza, na aliyechukua. Lina safu ya ruhusa: ya wazi, ya kuombwa, au ya kusubiri mpaka mwaka uliotajwa na mwenyewe. Maelezo yote yako kwa Kiswahili, na Kiingereza kinafuata kwa msaada wa wageni, kama vile wageni wanavyokaribishwa popote. Faili zima linaweza kupakuliwa, na nakala iko kwenye kadi ndogo ambayo nimemwachia mwalimu wa shule ya hapa.

Rekodi ya daftari la yule bibi inasomeka hivi: Aliyeandika kwa mkono wake: baba wa mtunzaji. Aliyetunza: binti yake, jina limezuiwa kwa ombi lake. Mahali: Ibaba. Lugha: Kiswahili, pamoja na maneno ya Kimalila. Hali: kurasa za mwisho zimeliwa na panya. Ruhusa: ya kuombwa, kwa mtunzaji mwenyewe, ana kwa ana. Aliyechukua: hakuna.